Mackay, Fundi wa Natete

Mtu akitaka kutoboa matundu ya hewa katika boneti ya gari nyumbani kwake, ili injini ipate kupoa, hana budi kupima kwanza, maana bati likishakatwa halirudi. Jambo hilo alilijua Alexander Mackay, aliyefua vyuma hapa Kampala kabla ya magari kufika.

Alizaliwa Rhynie, Uskoti, mwaka 1849, akasomea uhandisi Edinburgh. Mwaka 1878 alifika Buganda, mmisionari wa C.M.S. Huko Natete alijenga karakana, na vijana waliojifunza kusoma kwake walishika nyundo pia.

Mwaka 1882 mama yake Kabaka Mutesa alifariki, na Mackay akatakiwa kutengeneza jeneza. Mabati hayakuwako, basi Kabaka akatoa vyombo vyake vya shaba. Mackay akavikata, akavinyosha, akaviunganisha. Masanduku yote yalikuwa matatu, moja ndani ya jingine, la shaba likiwa moja tu. Fikiri, msomaji: kama angalikosea kipimo, angalipata wapi shaba nyingine, na angalimjibu nini Kabaka? Lakini kazi ilikwisha salama.

Mwaka 1887 Kabaka Mwanga alimtoa nchini, akahamia Usambiro, kusini ya ziwa. Huko alifua vyuma na kufundisha mpaka homa ilipomwua tarehe 8 Februari, 1890, naye ana miaka 40 tu.

Wako kati yetu wanaoona haya kushika tupa na patasi kwa sababu wamesoma. Mackay alisoma sana, na mikono yake ilijaa masizi.