William Perkin: alitafuta dawa ya malaria, akapata rangi ya zambarau

Siku hizi mtu wa Milepa akitaka sebule yake iwe ya zambarau, si ile nzito inayokaribia weusi wala ile iliyofifia, bali ya katikati, anaagiza kopo Sumbawanga na fundi anaanza kazi. Zamani rangi hiyo ilikuwa ya wafalme na matajiri. Ilikamuliwa kutoka kwa konokono wa baharini, na konokono 12,000 hawakutoa hata gramu 2.

Aliyebadili mambo ni kijana wa miaka 18, naye hakuwa akitafuta rangi.

William Henry Perkin alizaliwa London, Uingereza, tarehe 12 Machi 1838. Baba yake, mzee George, alikuwa seremala na mjenzi. Alitamani mwanawe awe mchoraji wa ramani za majengo, lakini kijana alipenda kemia. Akiwa na miaka 15 aliingia chuo cha kemia, akafundishwa na Mjerumani August Wilhelm Hofmann.

Wakati huo dawa ya malaria ilikuwa kwinini, iliyotokana na magamba ya mti wa Amerika Kusini. Ilikuwa ghali na haikutosha. Sisi wa bonde la Ziwa Rukwa hatuhitaji kuelezwa malaria ni nini. Hofmann aliwaza kwamba huenda kwinini ingeweza kutengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe, ambayo viwandani ilikuwa taka tu.

Likizo ya Pasaka ya mwaka 1856, Perkin alijaribu nyumbani kwao. Akapata tope jeusi. Wengi wangelimwaga. Yeye aliliosha kwa spiriti, na spiriti ikageuka zambarau. Akachovya kitambaa cha hariri, kikashika rangi, na hakikuchujuka upesi kwa kufuliwa wala kwa jua.

Hapo ndipo palipohitaji moyo. Aliacha chuo, mwalimu wake akichukizwa. Baba yake, ambaye kemia haikuwa chaguo lake, alitoa akiba yake kujenga kiwanda huko Greenford, na kaka yake Thomas akajiunga nao. Kama rangi isingenunuliwa, familia nzima ingeanguka. Lakini mwaka 1858 Malkia Victoria alivaa rangi hiyo katika harusi ya binti yake, na wanawake wa mjini wakaifuata. Iliitwa mauve.

Mauve ilikuwa ya nguo. Iliyomo kwenye kopo la ukutani leo si hiyohiyo, ila zambarau nyingi za viwandani zimetokana na kemia aliyoifungulia njia. (Kama chumba chako kina dirisha dogo, paka ukuta mmoja tu, uliotazamana na mwanga. Kuta zote nne zitakifanya kiwe giza.)

Perkin aliuza kiwanda mwaka 1874, akiwa na miaka 36, akarudi kwenye utafiti. Alifariki tarehe 14 Julai 1907. Kwinini hakuipata, wanakemia wa Marekani walitangaza njia ya kuitengeneza mwaka 1944 tu.

Lakini mwaka 1891, yeye akiwa hai, madaktari wawili wa Ujerumani, Paul Ehrlich na Paul Guttmann, waliwatibu wagonjwa wawili wa malaria kwa rangi ya bluu ya kiwandani iliyotokana na lami ileile. Wote wawili walipata nafuu.