Ibn al-Haytham: mtu wa mwanga aliyeligeukia jicho



Kwetu Palma, kijana akisema anasoma fizikia huulizwa swali moja tu: utaingia lini kwenye gesi? Mdogo wangu aliichagua fizikia kwa ajili ya Afungi. Mashambulizi ya Machi 2021 yakaja, mradi ukasimama kwa miaka, naye akaniambia amepotea njia. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, hesabu zake siziwezi. Nilichoweza ni kumpa habari za Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Basra mnamo mwaka 354 Hijria, yaani 965 Miladia. Inasimuliwa kuwa al-Hakim, khalifa wa Kifatimi kule Misri, alisikia kwamba yuko mtu anayedai anaweza kuyadhibiti maji ya Nile, akamwita. Ibn al-Haytham akasafiri na mafundi hadi upande wa Aswan. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale, akatambua kwamba kama kazi ile ingewezekana, wale wangekwisha kuifanya. Akarudi kukiri ameshindwa. Kisha kwa kumhofia khalifa akajifanya mwendawazimu, akazuiliwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Wanahistoria hawakiamini kisa hiki chote. Mimi nakipenda kwa ajili ya kule kukiri. Baadaye aliishi karibu na al-Azhar akinakili vitabu vya hesabu kwa ujira, hadi alipofariki Cairo mnamo 1040.

Kazi yake kubwa ni Kitab al-Manazir, juzuu saba. Kabla yake, watu wa hesabu kama Euclid na Ptolemy walishika kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Wanafalsafa walisema sura ya kitu ndiyo inayoingia jichoni. Matabibu waliofuata njia ya Galen walijua tabaka za jicho, lakini jiometri haikuwa kazi yao. Yeye hakuwa tabibu, lakini alichukua maelezo ya matabibu kuhusu tabaka hizo akayapigia mistari ya mwanga. Alionyesha kwamba ukilitazama jua jicho huuma, basi kuna kinachoingia. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ikatoa doa lake ukutani, na akiiziba moja, doa lake tu ndilo lililopotea. Kwa hiyo mianga hupita pamoja kwenye tundu bila kuchanganyika.

Alikosea pia. Alidhani lenzi ndiyo inayohisi mwanga, wala hakukubali kwamba picha ndani ya jicho imepinduka. Ilibidi kungoja hadi 1604, Kepler, naye mtu wa nyota na hesabu, alipoonyesha kuwa picha huangukia nyuma ya jicho, miguu juu.

Haya nilimweleza mdogo wangu kwa sababu bibi yetu ana mtoto wa jicho. Lenzi yake imeingia ukungu, mwanga unatawanyika kabla ya kufika nyuma. Dawa yake ni kuitoa na kuweka ya plastiki, na nguvu ya lenzi hiyo mpya hukokotolewa kwa kupima urefu wa jicho kwa mawimbi ya sauti au ya mwanga. Hiyo ni fizikia tupu, na inafanyika ndani ya mwili wa mtu. Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni nani anayevitengeneza vyombo hivyo vikiharibika. Sikuwa na jibu.

Siku ya pili, adhuhuri, alifunga madirisha ya chumba cha mbele, akaacha tundu moja kwenye ubao. Ukutani ukatokea mnazi wa nje, kichwa chini, na watu wanapita barabarani miguu juu. Tukacheka. Bibi, aliyekuwa mkekani, akauliza tunacheka nini. Mdogo wangu akamshika mkono, akamsogeza karibu na ukuta, akaanza kumweleza taratibu ni nani anayepita.