Langmuir: Mwanasayansi aliyegundua nguvu ya tabaka la atomu moja

IRVING Langmuir alifika Schenectady, katika jimbo la New York nchini Marekani, kiangazi cha mwaka 1909. Alikuwa mwalimu wa chuo aliyetaka kuitumia likizo yake katika maabara ya kampuni ya General Electric. Hakurejea darasani, alidumu hapo hadi alipostaafu mwaka 1950.

Alizaliwa Brooklyn Januari 31, 1881, akasomea uhandisi wa metali katika Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akapata shahada ya uzamivu mjini Göttingen, Ujerumani, mwaka 1906.

Wakati huo wanasayansi walikuwa na ubishi mkubwa. Waya wa metali ukipashwa moto hadi ung'ae, hutoa elektroni. Wengi walishuku kuwa chanzo si metali bali mabaki ya gesi ndani ya balbu, na kwamba ombwe likikamilika mkondo huo utakoma. Haukuwa ubishi wa maneno matupu, kwani valvu za redio, zilizokuwa ndiyo kwanza zinaanza, zilitegemea jibu lake.

Mwaka 1913 Langmuir alithibitisha kinyume. Kadiri alivyoiondoa gesi, ndivyo waya wa tangsteni ulivyotoa elektroni nyingi zaidi. Oksijeni kidogo mno ilitosha kuudhoofisha mkondo.

Kila metali huzishikilia elektroni zake, na ili mojawapo ichopoke sharti ipewe nishati ya kiasi fulani. Kwa tangsteni safi kiasi hicho ni takriban elektronivolti 4.5. Atomu ngeni zikinata juu ya uso, hukibadili. Oksijeni hujivutia elektroni, hivyo upande wa nje huwa na chaji hasi inayozirudisha nyuma zile zinazotaka kutoka. Atomu za thoriamu huelekeza chaji chanya nje, na kiasi hicho hushuka hadi karibu 2.6, kwa sesiamu hushuka chini ya 2.

Thoriamu, ajabu, ilikuwa ikitiwa katika nyaya za taa kwa sababu nyingine kabisa, yaani kuziimarisha. Leo hii tangsteni yenye thoriamu hutumika ndani ya oveni nyingi za maikrowevu.

Langmuir alishikilia kuwa tabaka hilo kwa kawaida halizidi unene wa atomu moja, ilhali wenzake waliliwazia kama anga nene lililoizingira metali. Hoja yake ilishinda, na mwaka 1932 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Uzeeni hakuwa na bahati hiyo. Oktoba 1947 kimbunga kilichonyunyiziwa barafu kavu kutoka angani kiligeuka na kuipiga pwani ya Georgia. Langmuir aliamini kuwa unyunyiziaji huo ndio uliokigeuza; wataalamu wa hali ya hewa walikataa, na hapakuwa na kimbunga cha pili cha kulinganishia. Alifariki Agosti 16, 1957, Woods Hole, Massachusetts.