Johannes Diderik van der Waals

Johannes Diderik van der Waals (Leiden, 23 Novemba 1837 – Amsterdam, 8 Machi 1923) alikuwa mwalimu na mwanafizikia kutoka nchi ya Uholanzi. Anakumbukwa hasa kwa nadharia yake kuhusu mvuto kati ya molekuli. Mwaka 1910 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Maisha

Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto kumi wa fundi seremala. Shule aliyosoma haikuandaa wanafunzi kwa chuo kikuu, hivyo akawa mwalimu wa shule ya msingi. Kuanzia mwaka 1862 alihudhuria mihadhara katika Chuo Kikuu cha Leiden, lakini hakuruhusiwa kufanya mitihani ya shahada kwa sababu hakuwa amesoma Kilatini na Kigiriki. Aliendelea kujisomea huku akifundisha sekondari mjini Deventer, halafu Den Haag. Sharti hilo lilipoondolewa kwa wanafunzi wa sayansi, alifanya mitihani yake na kupata udaktari mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka 35. Mwaka 1877 akawa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Amsterdam.

Mke wake, Anna Magdalena Smit, alifariki mwaka 1881 na kuacha watoto wanne. Van der Waals hakuoa tena, na kwa miaka kadhaa hakuchapisha kazi yoyote.

Nadharia yake

Sheria ya kawaida ya gesi huchukulia kwamba molekuli hazina ukubwa wala hazivutani. Kama ingekuwa hivyo kweli, hakuna gesi ambayo ingeweza kugeuka kiowevu. Katika tasnifu yake, Van der Waals aliisahihisha sheria hiyo hivi, kwa moli moja ya gesi:

(P + a/V²)(V − b) = RT

Hapa P ni shinikizo, V ni mjao, T ni halijoto na R ni kipeo kisichobadilika cha gesi. Herufi a inawakilisha mvuto wa molekuli, na b nafasi zinayoichukua molekuli zenyewe. Kila gesi ina a na b zake.

Mwaka 1880 alionyesha pia jinsi tabia ya gesi moja inavyoweza kukadiriwa kutokana na nyingine. Kanuni hiyo ilimwongoza Heike Kamerlingh Onnes, aliyefaulu kugeuza heli kuwa kiowevu mjini Leiden mwaka 1908.

Urithi

Chanzo cha mvuto huo kilielezwa baadaye kwa fizikia ya kwanta, hasa na Fritz London mwaka 1930. Nguvu za Van der Waals ni dhaifu, lakini zikijumlishwa huwa kubwa: ndizo zinazomsaidia mjusi kafiri kutembea darini bila kuanguka.