Carl Zeiss: Fundi Aliyekataa Kubahatisha

Hapa Idsowe, ukingoni mwa Mto Tana, malaria ni jirani wa tangu na tangu. Tabibu akitaka yakini, huliweka tone la damu chini ya hadubini. Ndipo nami nikaona ni haki kumtaja marehemu Carl Zeiss.

Alizaliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1816, akafungua karakana yake mjini Jena mwaka 1846. Zama zile mafundi wa hadubini walijaribu kioo baada ya kioo hata kimoja kikubali. Zeiss hakuridhika. Mwaka 1866 alimwendea mwanachuoni kijana, Ernst Abbe, amtafutie kanuni. Kufikia 1872 hadubini za Jena zikaundwa kwa hesabu, na baadaye Abbe akafanywa mshirika. Kwa vyombo vyao Robert Koch alikitambua kijidudu cha kifua kikuu, mwaka 1882.

Zeiss alifariki mwaka 1888. Mwaka uliofuata Abbe aliasisi wakfu, uliokuja kuimiliki kampuni, akaupa jina la Zeiss, si lake. Kidole kimoja hakivunji chawa: fundi aliyejua kikomo cha mkono wake ndiye jina lake lililobaki.