Mchawi wa Bristol: Fundi aliyemtesa tajiri wa chai

MASHABIKI wa soka wanaofuatilia historia wanalijua jina la Sir Thomas Lipton. Ndiye huyo tajiri wa majani ya chai aliyetoa kombe lililoshindaniwa Turin, Italia, mwaka 1909 na 1911, miaka mingi kabla FIFA haijaanzisha Kombe la Dunia. Mara zote mbili lilibebwa na West Auckland, timu ya ridhaa kutoka eneo la migodi ya makaa ya mawe England, ambayo fainali ya 1911 iliichapa Juventus 6-1. Argentina na Uruguay nazo zilianza kugombea Kombe la Lipton mwaka 1905.

Lakini tajiri huyu aliyegawa makombe kwa wenzake, lake mwenyewe alilikosa mpaka anaingia kaburini. Alilitaka Kombe la Amerika, taji kubwa kuliko yote katika mbio za yoti za matanga. Alilifuata mara tano, akarudi mikono mitupu mara tano. Mara nne kati ya hizo aliyemzuia ni mtu mmoja, fundi mpole mwenye ndevu, asiyependa maneno mengi. Jina lake Nathanael Greene Herreshoff. Watu walimwita Mchawi wa Bristol.

Nathanael alizaliwa Machi 18, 1848, Bristol, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Rhode Island, Marekani. Kwao walikuwa watu wa bahari. Kaka yake, John Brown, aliyemzidi miaka saba, alipofuka macho yote akiwa bado kijana mdogo. Familia nyingine ingemweka ndani, basi. John yeye alikataa. Aliendelea kusafiri na mashua, na mdogo wake akawa macho yake: nani yuko mbele, upepo unatoka wapi, mwamba uko umbali gani. Hapo ndipo Nathanael alipoanza kuisoma bahari, si kwa starehe, bali kwa sababu kosa lake moja lingewazamisha wote wawili.

John alianza biashara ya kuunda mashua mwaka 1863. Nathanael akaenda Boston kusoma uhandisi katika chuo cha MIT, kisha akaajiriwa na kampuni ya Corliss iliyotengeneza injini za mvuke mjini Providence. Mwaka 1876, akiwa na miaka 28, aliingia kwenye mashindano New York na chombo cha ajabu kiitwacho Amaryllis: mashua mbili nyembamba zilizounganishwa ubavu kwa ubavu. Aliwaacha wapinzani mbali kweli kweli. Kilichofuata mashabiki wa soka mnakijua: rufaa. Walioshindwa wakalalamika kwamba hiyo si mashua ya kawaida, na aina hiyo ikapigwa marufuku.

Mwaka 1878 ndugu hao wawili wakafungua rasmi kampuni ya Herreshoff. Mgawanyo wa kazi ulikuwa kama wa klabu iliyopangwa vizuri. John, kipofu, ndiye aliyekuwa bosi wa fedha na mikataba, akipiga hesabu za bei kichwani. Nathanael alikuwa benchi la ufundi. Hakuanza na karatasi. Alichonga kwanza mfano mdogo wa chombo kwa mti, na John akaupitisha mikononi na kujua kwa vidole kama umbo limekaa sawa. Hawakutengeneza vyombo vya kurundika dukani. Mteja alikuja na mfuko wake, akaeleza anachotaka, akaundiwa chake. Wateja wenyewe ndio kina J. P. Morgan, mwenye benki, na kina Vanderbilt. Jeshi la Majini la Marekani nalo lilinunua boti zao za kurushia topido.

Miaka hiyo ya mwanzo sifa yao ilikuwa boti za mvuke zenye kasi. Halafu ikaja 1888. Boti iitwayo Say When ilikuwa kwenye majaribio ya kasi, Nathanael mwenyewe akisimamia injini. Mvuke ulipozidi, vali ya usalama ilifunguka kuutoa. Akaifunga, ili boti ifikie kasi iliyoahidiwa kwa mteja. Boila likapasuka na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Nathanael akanyang'anywa leseni ya uhandisi wa mvuke.

Hilo doa halifutiki, na si haki kulificha kwa sababu tu baadaye alikuja kushinda mataji. Mtu alikufa kwa sababu fundi alitaka kasi kuliko usalama. Baada ya hapo nguvu zake nyingi akazihamishia kwenye matanga.

Mwaka 1891 akashusha majini Gloriana, yenye omo ya umbo ambalo watu hawakuwa wamelizoea. Ikaingia mbio nane msimu huo, ikashinda zote nane. Simu zikaanza kuingia Bristol.

Mwaka 1893 Kombe la Amerika likawa linatishiwa na Lord Dunraven wa upande wa Uingereza. Nathanael aliunda Vigilant na kushika usukani mwenyewe. Ikaisha 3-0. Mwaka 1895 Dunraven akarudi, akakutana na Defender, iliyochanganya shaba ngumu chini na aluminiamu juu ili kupunguza uzito. Akapigwa tena, akadai Wamarekani wameongeza farumi kwa siri. Kamati ikachunguza na kuisafisha Defender. Lakini mchanganyiko wa madini hayo haukupatana na maji ya chumvi, chombo kikaliwa na kutu, kikavunjwa miaka michache tu baadaye.

Ndipo akaja Lipton. Mwaka 1899 Columbia ikamfunga 3-0. Mwaka 1901 Nathanael aliunda chombo kipya, Constitution, ili kilinde kombe. Cha kushangaza, Columbia ya zamani ikakishinda kwenye mchujo, kwa sababu ilikuwa na nahodha bora, Charlie Barr, mzaliwa wa Scotland. Unaweza kununua kikosi kipya, lakini ukimkosa anayejua kukitumia umekwisha. Lipton akala 3-0 nyingine.

Mwaka 1903 ikatoka Reliance. Urefu wake wote, mlingoti wa omo mpaka mwisho wa foromali, ulikuwa karibu mita 61. Ukiilaza uwanjani kuanzia golini, inavuka mstari wa kati. Matanga yake yalikuwa na ukubwa wa mita za mraba 1,500, yaani zaidi ya maboksi mawili ya penalti, na yalihitaji mabaharia 64. Matokeo? 3-0.

Kipigo kilichomuuma zaidi Lipton ni cha 1920, baada ya vita kuahirisha mashindano tangu 1914. Resolute ya Nathanael iliharibikiwa kamba mbio za kwanza, ikashindwa na za pili. Lipton akawa anaongoza 2-0, amebakiza mbio moja tu. Resolute ikapindua meza na kushinda tatu mfululizo. Fundi wetu alikuwa na miaka 72.

Lakini John hakuwepo kuyaona hayo. Alifariki 1915, na bila yeye kampuni ikauzwa kwa wawekezaji mwaka 1917, kisha ikapigwa mnada 1924. Hata hivyo karakana ya Bristol haikuacha mkosi wake. Lipton alipojaribu mara ya tano mwaka 1930, Enterprise iliyomchapa 4-0 iliundwa humo humo, ingawa mchoro haukuwa wa Nathanael. Mwaka uliofuata Lipton akafariki.

Nathanael alifariki Juni 1938, akiwa na miaka 90. Karakana ilifungwa wakati vita kuu ya pili inamalizika, na leo Bristol kuna makumbusho yake. Reliance, jitu lile la 1903, lilikatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu mwaka 1913. Kilichodumu ni vile vyombo vidogo alivyochora mwaka 1914 ili watoto wajifunze kuendesha matanga. Hivyo hadi leo vinashindana, usukani mkononi mwa watoto wa watoto wa wale wa kwanza.