Maisha ya Thomas Graham wa Glasgow

Mwaka jana darasa letu lilipelekwa Mugere, kusini ya Bujumbura, kulitazama lile jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wenzangu walilipanda wapigwe picha. Mimi nilikuwa nikimfikiri mtu mwingine, ambaye siku ile ya 1871 alikuwa amekwisha kufa miaka 2, na ambaye ndiye aliyemfundisha Livingstone kemia. Jina lake ni Thomas Graham. Ninyi wanafunzi wa zamani labda mlilikariri jina hilo katika sheria ya gesi, mkalisahau baada ya mtihani. Mimi pia nilikuwa karibu kulisahau, mpaka mjomba wangu alipopatwa na shida nitakayoieleza mbele.

Graham alizaliwa Glasgow, mji wa viwanda huko Uskoti, mwezi wa Desemba 1805. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa nguo mwenye mali, na nia yake ilikuwa moja tu, mwanawe awe mchungaji wa Kanisa la Uskoti. Kijana aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1819, naye hajatimiza miaka 14. Huko akamsikia Profesa Thomas Thomson akifundisha kemia, na moyo wake ukahama. Kisha akaenda Edinburgh kuiendeleza elimu hiyo hiyo. Baba alipoona kwamba mambo ya uchungaji yameachwa, alikasirika sana, akamkatia fedha.

Tusimhukumu upesi yule mzee. Kwetu tunajua maana ya baba kuuza ng'ombe ili mtoto asome, kisha mtoto arudi likizo na kusema amebadili njia. Mimi nilipomwambia baba kwamba sitaki sheria bali kemia, alikula chakula chote bila kusema neno. Kimya kile ningali nakisikia.

Waliosimama upande wa Graham ni mama yake na dada yake. Husimuliwa kwamba fedha za kwanza alizopata kwa kuandika, paundi 6, alizitumia zote kuwanunulia hao wawili zawadi, ingawa mwenyewe alikuwa na haja nyingi. Alijipatia riziki kwa kufundisha watu hesabu na kemia. Mwaka 1829 akapewa kazi ya kufundisha mafundi wa Glasgow katika chuo chao, na mwaka 1830 akawa profesa katika Chuo cha Anderson mjini humo. Habari hiyo ilimkuta mama yake kitandani, katika ugonjwa uliomwua. Alikufa akijua kwamba mwanawe amepata mahali pake.

Katika Chuo cha Anderson ndiko alikokuja David Livingstone mwaka 1836, kijana aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha pamba tangu utoto, sasa akisoma uganga. Msaidizi wa Graham alikuwa James Young, yule ambaye baadaye alitajirika kwa kutengeneza mafuta ya taa kutoka makaa ya mawe, akamsaidia rafiki yake Livingstone kwa fedha katika safari za Afrika. Basi ukiwasha koroboi usiku ili usome, hujaenda mbali na maabara ya Graham.

Katika miaka hiyo ya Glasgow alifanya jaribio ambalo hata sisi twaweza kulifanya. Alitwaa mrija wa kioo, akauziba upande mmoja kwa plasta kavu, ile ile ifungwayo mtu aliyevunjika mguu. Akaujaza haidrojeni, akausimamisha ndani ya maji. Plasta huonekana nzima, lakini ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Haidrojeni ikatoka kwa vitundu hivyo upesi kuliko hewa ilivyoingia, na maji yakapanda mrijani pasipo mtu kuyavuta. Alipima gesi moja baada ya nyingine, akaona kwamba iliyo nyepesi mara 16 hupita upesi mara 4. Hiyo ndiyo sheria yake, iliyochapwa mwaka 1833.

Mwaka 1837 alihamia London kuwa profesa, na mwaka 1841 Chama cha Kemia kilipoanzishwa huko yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Mwaka 1855 akawa mkuu wa kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu, cheo alichowahi kushika Isaac Newton. Wengine wakipata cheo kama hicho huacha vitabu. Yeye alirudi kwenye vile vitundu.

Mwaka 1861 alieleza chombo chake kipya. Kilikuwa kama chekeche la unga, ila mahali pa wavu palitandwa karatasi iliyochovywa katika asidi ya salfa hata ikawa ngumu kama ngozi. Alikieleza juu ya maji, akamimina ndani sukari na gundi zilizoyeyushwa pamoja. Sukari ikapenya ikaingia majini, gundi ikabaki. Vitu vya namna ya gundi akaviita koloidi, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya gundi, na kazi yenyewe akaiita dayalisisi. Alitia hata mkojo katika chombo hicho, akaona urea ikivuka utando na kuingia majini. Urea ni taka ambayo figo zetu huitoa katika damu usiku na mchana.

Hapo ndipo anapoingia mjomba. Figo zake zilikufa mwaka juzi, na sasa hupelekwa mara 2 kila juma katika hospitali moja mjini. Siku ya kwanza nilipomsindikiza niliogopa kuona damu yake ikitoka mwilini kwa mpira, ikipita katika bomba la plastiki, ikirudi. Muuguzi akanieleza kwamba ndani ya bomba mna nyuzi nyembamba maelfu, kila moja ina uwazi katikati, na kuta zake ni utando wenye vitundu. Urea hupita, chembe za damu hubaki. Nikaikumbuka ile karatasi ya Graham.

Kati ya karatasi ile na bomba hili ilipita miaka mingi. Daktari Willem Kolff wa Uholanzi ndiye aliyetengeneza mashine ya kwanza iliyofaa kwa watu, mwaka 1943, nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani. Utando alioutumia ni selofani ya kufungia soseji. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa, mpaka mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 alipopona.

Vitundu vya Graham vilikuwa vya kila ukubwa, naye hakuwa na njia ya kuvichagua. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wamejua njia. Huzipiga karatasi za mika au plastiki kwa ioni nzito ziendazo kwa mbio kubwa. Kila ioni huacha njia moja iliyoharibika. Kisha dawa kali huila njia ile, pakawa kitundu. Kadiri dawa ikaavyo, ndivyo kitundu kikuavyo, na vyote hutoka sawasawa. Kwa ufundi huo waweza kupata vitundu vyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya unywele.

Graham alikufa London Septemba 1869, akazikwa katika kanisa kuu la Glasgow, mji wa baba yake.

Jumamosi moja nilimsimulia mjomba habari hizi zote alipokuwa amelala penye mashine. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mtu huyo aliacha watoto wangapi. Nikamwambia hakuoa. Mjomba akatikisa kichwa kwa huruma, na muuguzi akaja kuzichomoa sindano.